Vipokezi vya setilaiti vya kampuni tofauti katika upimaji wa ardhi: Vinavyoelewana na vinapokosana

KATIKA ofisi nyingi za wapima ardhi nchini Kenya, kabati la vifaa husimulia historia ya mfuko wa mwenyewe. Juu kuna kipokezi cha Trimble kutoka Marekani, kilichonunuliwa zamani kwa bei ghali. Kando yake kipo cha Leica cha Uswisi, kilichopatikana kwa mkono wa pili. Chini kabisa kuna kimoja au viwili vipya vya South, CHC au Hi-Target, vilivyoundwa Uchina na kuuzwa kwa bei nafuu zaidi.

Swali linalowasumbua wenye makabati hayo ni iwapo kifaa cha zamani kinaweza kusimamishwa juu ya bikoni inayojulikana, kiwe kituo cha msingi, ilhali mpimaji anatembea shambani na kile kipya. Au ni lazima inunuliwe jozi nzima ya kampuni moja, kama wauzaji wanavyopenda kushauri?

Jibu ni kwamba inawezekana, na imewezekana tangu mwaka wa 1989. Hata hivyo, kuna mambo machache ambayo jozi ya kampuni moja humficha mpimaji, na ambayo hujitokeza pindi vifaa vya kampuni mbili vinapokutana. Anayeyapuuza hapati onyo lolote. Kifaa humpa majibu yenye tarakimu tatu baada ya nukta, safi kabisa, lakini yenye kosa.

Kosa hilo lina gharama. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012, ramani ya usajili huchukuliwa kuwa inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo sajili imeandika kuwa mpaka huo umepimwa na kuthibitishwa rasmi. Kwa shamba lililozungushiwa ua wa michongoma, sentimita 10 si hoja. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100 mjini, ambapo mipaka inasimamia tarakimu, ukanda wa sentimita 10 kando ya urefu wa ploti ni takriban mita tatu za mraba, na mara nyingi ndipo ukuta wa jirani umesimama. Kwenye vimo mambo ni mabaya zaidi. Mfereji wa kunyunyizia mpunga katika tambarare kama za Mwea huweza kujengwa kwa mteremko wa mita moja kwa kila mita 2,000, yaani sentimita tano tu katika mita 100. Kosa la sentimita tano kwenye kimo laweza kuufuta mteremko huo wote, na maji yakakataa kwenda.

Setilaiti haijui kipokezi ni cha nani

Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kipokezi kimoja kikiwa peke yake hukosea kwa mita kadhaa, kwa kuwa saa za setilaiti na za kipokezi hazikubaliani kikamilifu, taarifa za njia ya setilaiti zina kasoro, na mawimbi hucheleweshwa yanapopenya angahewa. Vipokezi viwili vikiwekwa karibu na kutazama setilaiti zile zile wakati ule ule, makosa hayo huvipata vyote karibu kwa kiasi kimoja. Ukitoa vipimo vya kimoja katika vya kingine, sehemu kubwa ya makosa hutoweka, na umbali na mwelekeo kati ya nukta mbili hubaki ukiwa sahihi kwa sentimita moja au pungufu.

Siri ya usahihi huo ni kwamba kipokezi cha upimaji hakitegemei ujumbe wa setilaiti pekee. Hupima wimbi lenyewe linaloubeba ujumbe. Wimbi la kwanza la GPS, linaloitwa L1, lina masafa ya megahezi 1,575.42 na urefu wa sentimita 19 hivi, na kifaa kizuri huweza kupima sehemu ya wimbi hilo kwa milimita chache. Kisichojulikana ni idadi ya mawimbi kamili yaliyo kati ya setilaiti na antena. Kutafuta nambari hiyo kamili ndiyo kazi ya programu, na humo ndimo ugomvi wa kampuni tofauti huingilia, kama itakavyoonekana.

Kimsingi basi, hakuna sheria ya maumbile inayodai vipokezi viwe ndugu wa tumbo moja. Vinachohitaji ni kutazama setilaiti zile zile na kurekodi kwa nyakati zinazolingana. Hapo penyewe kuna mtego mdogo: kituo cha msingi kikirekodi kila sekunde 15 na kitembezi kila sekunde 10, hukutana kila baada ya sekunde 30 tu. Saa nzima ya kusimama juani hutoa nyakati 120 za pamoja, na zilizosalia ni kazi bure. Vilevile kipokezi cha zamani cha wimbi moja kikioanishwa na kipya cha mawimbi mawili au matatu, kinachotumika ni lile wimbi moja la pamoja, na umbali kati yao haufai kuzidi kilomita 10 hadi 15. Fedha zilizotumika kwa kifaa kipya haziongezi kitu mahali ambapo cha zamani hakioni.

Lugha ya pamoja iliyozaliwa Uswisi

Katika miaka ya 1980, kila kampuni ilihifadhi vipimo katika faili ya muundo wake wenyewe, iliyosomwa na programu ya kampuni hiyo tu. Mwaka wa 1989, nchi za Ulaya zilipanga kampeni kubwa ya kupima bara lao kwa pamoja, iliyoitwa EUREF 89, kwa kutumia zaidi ya vipokezi 60 vya watengenezaji wanne. Vipimo hivyo vyote vilipaswa kuchakatwa pamoja, lakini hakuna programu iliyoweza kuzisoma faili za watengenezaji wote wanne.

Taasisi ya Astronomia ya Chuo Kikuu cha Bern, chini ya juhudi za Werner Gurtner, ilipendekeza muundo wa faili usiofungamana na kipokezi chochote. Uliitwa RINEX. Ni maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote aweza kuyafungua na kuyasoma: juu kuna kichwa kinachotaja jina la kituo, aina ya kipokezi, aina ya antena na kimo chake, chini yake kuna vipimo vya kila setilaiti kwa kila wakati. Toleo la pili lilifuata mwaka wa 1990, la tatu mwaka wa 2007, na la nne mwishoni mwa mwaka wa 2021. Leo hakuna kampuni ya maana inayouza kipokezi cha upimaji kisichoweza kutoa faili ya RINEX, moja kwa moja au kupitia programu ya kugeuzia. Asiye na programu ya kununua anaweza kutumia RTKLIB ya Tomoji Takasu wa Japani, ambayo ni ya bure na hugeuza faili za kampuni kadhaa.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba mchanganyiko huu hufanya kazi ni mtandao wa kimataifa wa IGS, ulioanza rasmi mwaka wa 1994. Vituo vyake vilivyotapakaa duniani, kikiwemo cha Malindi katika eneo la kituo cha anga cha Luigi Broglio, vina vifaa vya watengenezaji mbalimbali, na bado kwa jumla yao hupimwa mwendo wa mabara kwa milimita kila mwaka. Tofauti ni kwamba wataalamu wa IGS huandika kila kitu: aina ya kipokezi, toleo la programu yake ya ndani, jina la antena na siku ilipobadilishwa. Mpimaji wa kawaida huandika kimo, na wakati mwingine hata hicho hukisahau.

Antena ndiyo yenye hila

Ikiwa kuna jambo moja la kuzingatiwa kuliko yote, ni antena. Kipokezi hakipimi umbali hadi kwenye ganda la plastiki linaloonekana kwa macho. Hupima hadi nukta isiyoonekana ndani yake, inayoitwa kitovu cha awamu. Nukta hiyo haipo mahali pamoja kwa wimbi la L1 na la L2, tena husogea kidogo kulingana na jinsi setilaiti ilivyo juu au chini angani.

Antena mbili za muundo mmoja, zikielekezwa zote kaskazini na zisiwe mbali sana, hukosea kwa namna ile ile, na makosa hayo hufutana. Ndiyo maana mwenye jozi ya kampuni moja huweza kufanya kazi miaka mingi bila kujua kuwa tatizo hili lipo. Akileta antena ya kampuni nyingine, kinga hiyo huondoka. Idara ya jiodesia ya Marekani, iitwayo NGS, ambayo imekuwa ikipima tabia za antena tangu mwaka wa 1994, ilionya kwamba kuchanganya antena bila kurekebisha tofauti hizo kwaweza kuleta kosa la hadi sentimita 10 kwenye kimo.

Dawa yake ni jedwali. NGS na IGS huchapisha majedwali ya antena kwa majina rasmi, na programu za kuchakatia huyatumia maadamu jina limeandikwa sawasawa, pamoja na herufi nne za mwisho zinazoeleza kofia inayoifunika antena. Isiyo na kofia huandikwa NONE. Jina likikosewa kwa herufi moja, programu nyingine hunyamaza na kuchukua kwamba antena haina marekebisho yoyote. Kadhalika, majedwali yenyewe ni ya aina mbili. Yale ya zamani yalilinganisha kila antena na antena moja iliyochukuliwa kuwa kipimo, nayo ikapewa sifuri. Yale mapya hupima kila antena kivyake, na IGS ilihamia humo tarehe 5 Novemba 2006. Kutumia jedwali la zamani upande mmoja na jipya upande wa pili ni sawa na kupima kitambaa kwa futi huku na kwa mita kule.

Kimo cha antena nacho kina vituko vyake. Kampuni moja hutaka kipimwe wima hadi chini ya antena, nyingine hutaka kipimwe kwa mshazari kutoka bikoni hadi kwenye alama iliyo ubavuni. Tuchukue mfano wa antena ambayo alama yake ipo sentimita 17 kutoka katikati, na utepe umesoma mita 1.500 kwa mshazari. Kimo cha wima hadi usawa wa alama hiyo ni mita 1.490. Ikiwa alama ipo sentimita nne juu ya kitako cha antena, kimo hadi kitakoni ni mita 1.450. Anayeingiza 1.500 katika programu inayotarajia kimo cha kitako amekwisha kupoteza sentimita tano kabla hata ya setilaiti ya kwanza kuhesabiwa. Yaani mteremko wote wa ule mfereji. Wakati wa kuchanganya kampuni, ni salama kuandika daftarini aina ya kipimo pamoja na mchoro mdogo, na kuhesabu wima kwa mkono.

Mawimbi ya Urusi

Mfumo wa GLONASS wa Urusi ulileta mgogoro wa aina yake. Setilaiti za GPS hutumia masafa mamoja na kutofautishwa kwa kodi. Zile za GLONASS zilibuniwa kila moja na masafa yake, yakipandana kwa hatua ya megahezi 0.5625 kuzunguka megahezi 1,602 katika wimbi la kwanza. Vipuri vya ndani vya kipokezi havicheleweshi masafa yote sawasawa, na kila mtengenezaji ana uchelewesho wake. Vipokezi vya kampuni moja huchelewesha kwa namna inayofanana, hivyo tofauti hufutana. Lambert Wanninger wa Dresden, Ujerumani, alionyesha mwaka wa 2012 kwamba kati ya kampuni na kampuni tofauti hiyo yaweza kufika sentimita kadhaa baina ya masafa mawili yanayopakana. Kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 19 hivi, hilo latosha kuifanya programu ichague nambari kamili isiyo sahihi, au ishindwe kuamua kabisa.

Shambani, dalili yake ni kitembezi kinachokaa dakika nyingi bila kutulia ingawa kinaona setilaiti tele. Wapimaji wengi hulaumu mtandao au betri. Suluhisho la haraka ni kuizima GLONASS na kutumia GPS pamoja na Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina, ambazo hazina mtindo huo wa masafa. Suluhisho la kudumu ni kukiambia kitembezi kituo cha msingi ni cha kampuni gani, kazi inayofanywa na ujumbe nambari 1033 na 1230 katika lugha ya RTCM.

GPS yenyewe haikosi doa. Setilaiti zilizorushwa kuanzia Septemba 2005 zina wimbi la kiraia katika L2, ambalo limepishana kwa robo ya wimbi na lile la kijeshi lililokuwepo. Robo hiyo ni sentimita sita hivi. Baadhi ya kampuni ziliisawazisha kabla ya kuandika faili, nyingine hazikuisawazisha, na RINEX ya toleo la pili haikuwa na mahali pa kueleza. Tangu toleo la 3.01, kichwa cha faili hutaja marekebisho hayo. Anayechanganya vifaa vya mawimbi hayo mawili na apendelee toleo la tatu au la nne.

Kuzungumza papo hapo

Upimaji wa papo hapo, ambapo kitembezi hupata jibu shambani bila kungoja ofisi, huhitaji kituo cha msingi kitume vipimo vyake kila sekunde. Trimble ilitangaza lugha yake ya CMR mwaka wa 1996, na kampuni nyingine zikajifunza kuisoma. Lugha isiyo ya kampuni yoyote ni RTCM, ambayo toleo lake la 3 lilitoka mwaka wa 2004. Kwa vifaa vya kampuni mbili, RTCM 3 ndiyo ya kuchaguliwa, kwa kuwa hubeba jina la antena na la kipokezi, na matoleo ya baadaye yanabeba mifumo yote minne ya setilaiti.

Redio ni habari nyingine. Vifaa viwili vyaweza kuwa vinajua RTCM na bado visisikilizane, kwa sababu redio zao hufunga ujumbe kwa mitindo tofauti, au mmoja hutuma kwa kasi ambayo mwenzake hakungojea. Masafa, upana wa chaneli, kasi na mtindo wa kufunga ujumbe lazima vilingane vyote vinne. Idhini ya kutumia masafa hayo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Penye mawimbi ya simu, wengi huliruka tatizo hili kwa kutuma kupitia intaneti kwa utaratibu wa NTRIP, uliobuniwa na idara ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia ramani na kukubaliwa kimataifa mwaka wa 2004. Kadi mbili za simu, na redio hubaki ndani ya gari.

Tarehe na mfumo wa ramani

Kuna faili zinazokataa kuoana kwa sababu ya ajabu: moja ni ya mwaka huu na nyingine, iliyorekodiwa asubuhi hiyo hiyo, inadai ni ya miaka karibu 20 nyuma. GPS huhesabu wiki kutoka sifuri hadi 1,023 kisha huanza upya. Ilianza upya Agosti 1999 na tena tarehe 6 Aprili 2019. Vipokezi vya zamani ambavyo programu yake ya ndani haikuboreshwa hurudi nyuma wiki 1,024. Vipimo vyenyewe huwa vizima. Kinachohitajika ni kusahihisha tarehe katika faili ya RINEX kwa programu inayoweza kufanya hivyo.

Hatari iliyo kubwa kwa kipimo, ingawa ni rahisi kugundua, ni mfumo wa ramani. Bikoni nyingi za Kenya zina majiranukta ya mfumo wa Arc 1960, ilhali setilaiti hufanya kazi katika WGS 84. Nukta moja katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa mita zipatazo 300 katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kila kampuni huweka ndani ya kidhibiti chake tarakimu za kubadilishia mfumo, na tarakimu hizo hazifanani daima: mmoja hutumia wastani wa Afrika Mashariki, mwingine wa Kenya pekee. Tofauti kati yao ni ya mita chache, kiasi kinachofanana na kosa la bikoni iliyong'olewa na trekta, na mara kadhaa ndivyo kinavyoelezwa. Inafaa tarakimu hizo ziandikwe kwa mkono katika vidhibiti vyote viwili, zikiwa zile zile.

Kabla ya kupeleka mchanganyiko mpya kwa mteja, kuna majaribio mawili. La kwanza ni kuunganisha vipokezi vyote viwili kwa antena moja kupitia kigawanyi cha waya. Umbali unaohesabiwa unapaswa kuwa sifuri kwa milimita chache, na ukizidi hapo, kasoro iko katika vipokezi au programu. La pili ni kusimamisha kila kimoja na antena yake juu ya bikoni mbili ambazo umbali na tofauti ya kimo kati yake vimekwisha kupimwa kwa njia nyingine, kisha kuvibadilishana nafasi na kurudia. Ikiwa tofauti ya kimo imegeuka baada ya kubadilishana, nusu ya mabadiliko hayo ndiyo kosa la antena au la namna kimo kilivyopimwa. Kwa bikoni zilizo mita 100 au 200 kutoka ofisini, kazi yote humalizika asubuhi moja, na matokeo yake hubandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa, pamoja na majina kamili ya antena.